Kelele za Mashabiki, Hesabu za Dirishani

Mwishoni mwa Aprili 2019, ndani ya siku tano tu, watu duniani kote walitoa zaidi ya dola bilioni 1.2 za Marekani kwenda kumwona Thanos akipata kipigo alichostahili. Filamu ilikuwa Avengers: Endgame, ya 22 katika mfululizo wa Marvel, yenye urefu wa saa tatu na dakika moja, na mpaka sasa hakuna filamu ya aina yoyote iliyowahi kuanza kwa kishindo kama kile. Tangu hapo ubishi haujatulia. Kuna wanaosema hadithi iliishia pale na yaliyofuata ni makombo. Kuna wanaotangaza msiba wa Marvel kila filamu mpya inapotoka, halafu wao ndio wa kwanza kwenye foleni. Kuna watu wa DC, mahasimu wa Marvel, waliozoea kuteseka tangu zamani na sasa wanafurahi kupata wenzao. Na kuna wazee wa sinema wasiotaka hata kuusikia mjadala wenyewe.

Ubishi huu ni mtamu, ila una kasoro moja: kila anayesema "watu wamechoka" anajisemea yeye. Namba za sinema nazo si malaika, hasa zile za bajeti ambazo kila kampuni huzipamba itakavyo. Hata hivyo dirisha la tiketi lina sifa moja ambayo kijiwe hakina: linaandika mtu alichofanya na hela yake, hata kama jana yake alisema mengine. Kwa hiyo hizi hapa rekodi kadhaa za filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, za kileleni na za shimoni, bila kufuata mpangilio wa miaka. Fedha zote ni za wakati wake. Dola ya 1989 ilikuwa na uzito ambao ya leo haina.

Iliyovuna kuliko zote

Endgame ilifunga hesabu ikiwa na takriban dola bilioni 2.79. Ilifika bilioni mbili kwa siku 11, ilhali Avatar ya James Cameron, iliyokuwa imekalia kiti cha kwanza kwa karibu miaka kumi, ilihitaji siku 47. Hata hivyo kumpita Cameron hakukuwa mteremko. Mwishoni mwa Juni Marvel ilibidi iirudishe filamu kwenye kumbi ikiwa na kipande cha Hulk ambacho picha zake za kompyuta hazikuwa zimekamilika, pamoja na kumbukumbu ya Stan Lee, na Julai ndipo Avatar ikapitwa. Shangwe hazikudumu miaka miwili. Machi 2021 Avatar ilirudishwa kwenye kumbi za China ikachukua kiti chake. Anayejigamba leo kuwa filamu ya mashujaa ndiyo inayoongoza duniani ajue kwamba hadithi yake iliishia hapo.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi mavuno yale yalivyoanza kulimwa. Desemba 1996 Marvel iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Wahusika wake wenye majina makubwa, Spider-Man na X-Men, filamu zao zikawa mikononi mwa kampuni nyingine. Mwaka 2005 ikaamua kutengeneza yenyewe, na kwa kuwa haikuwa na fedha, ikaenda Merrill Lynch kukopa dola milioni 525. Dhamana ilikuwa haki za filamu za wahusika kumi waliobaki, akiwemo Captain America, Doctor Strange na Black Panther. Mambo yangekwenda mrama, Wakanda ya Black Panther ingekuwa mali ya benki. Haikufika huko: Iron Man ya 2008 iliingiza takriban dola milioni 585, na mwaka uliofuata Disney ikatangaza kuinunua kampuni nzima kwa dola bilioni 4 na ushee.

Ndiyo maana siuelewi ubishi wa "kwa nini wasitengeneze nyingine kama Endgame." Ile ilijengwa kwa miaka 11 na filamu 21 zilizoitangulia. Katika vibanda umiza vyetu sheria inajulikana: steringi hafi. Infinity War ya 2018 iliivunja sheria hiyo mchana kweupe. Nusu ya viumbe waligeuka vumbi, adui akakaa kibarazani kutazama jua, taa za ukumbi zikawaka, na watu wakarudishwa nyumbani na maswali ya mwaka mzima. Infinity War nayo ilivuna dola bilioni 2.05. Ukiwaacha watu na kiu ya namna hiyo, mwakani watakuja wenyewe.

Zilizoporomoka kuliko zote

Captain Marvel ya Machi 2019 iliingiza dola bilioni 1.13. Sehemu ya pili, The Marvels, ilitoka Novemba 2023 ikaishia takriban dola milioni 206. Kwa kila dola moja iliyopatikana mara ya kwanza, mara ya pili zilipatikana senti 18. Ndiyo filamu iliyouza kidogo kuliko zote za Marvel Studios, na pia ndiyo fupi kuliko zote, dakika 105. Wikiendi yake ya pili huko Marekani mauzo yalishuka kwa asilimia 78.

Wapo waliorukia kusema kosa ni kuwa na mashujaa watatu wanawake. Hoja hiyo inaanguka yenyewe, kwa kuwa Carol Danvers, yaani Captain Marvel, wa filamu iliyopita bilioni ndiye huyo huyo, na hakuwa mwanamume wakati ule. Kilichobadilika ni masharti. Kamala Khan alikuwa ametambulishwa kwenye tamthilia ya Ms. Marvel, Monica Rambeau alikuwa amepata nguvu zake ndani ya WandaVision, na tamthilia zote mbili ziko Disney+, huduma inayolipiwa kivyake. Mtu aliyezoea kununua tiketi moja na kuelewa kila kitu aligeuzwa mwanafunzi mwenye kazi za nyumbani. Juu ya hayo, mgomo wa waigizaji wa Hollywood ulimalizika siku moja tu kabla ya filamu kutoka, kwa hiyo nyota wake walikuwa wamekaa kimya miezi yote ambayo wangeinadi.

Mshindani wake kwenye mteremko huo ni wa DC. Joker ya 2019 ilivuka dola bilioni moja, ya kwanza kufanya hivyo kati ya filamu zenye daraja la watu wazima nchini Marekani. Joker: Folie à Deux ya 2024 ikapata takriban dola milioni 207, senti 19 kwa kila dola, ingawa bajeti yake ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko ya kwanza. Hapa huwezi kulaumu kazi za nyumbani, maana ilihitaji uwe umeona filamu moja tu. Tatizo lake ni jingine kabisa: ilikuwa filamu inayowasuta waliompenda steringi wake. Ilimweka kizimbani, ikamwimbisha, ikamvua hadhi, kisha ikamwua. Mwongozaji ana haki ya kufanya hivyo, na kuna nusu saa humo ninayoipenda. Lakini kampuni ya CinemaScore, inayowauliza watazamaji maoni yao wakitoka ukumbini usiku wa ufunguzi, ilikusanya alama ya D, ya chini kuliko filamu yoyote iliyotokana na vitabu vya katuni. Hao si wabishi wa kijiweni, ni watu waliokuwa wametoka kulipa dakika 140 zilizopita.

Kelele kubwa kuliko zote

Watu husema mashabiki wameharibiwa na simu. Basi turudi 1988. Warner Bros. ilipotangaza kwamba Batman ataigizwa na Michael Keaton, mtu wa vichekesho, mwembamba, asiye na kidevu cha shujaa, barua za malalamiko zipatazo 50,000 zilimiminika kwenye ofisi za kampuni. Barua za karatasi, zenye stempu. Mtu alikaa chini, akaandika, akatembea mpaka posta. Sijui kama kuna kelele yoyote ya siku hizi inayofikia uzito huo. Mwaka uliofuata filamu ikafunguliwa kwa zaidi ya dola milioni 40 ndani ya wikiendi moja, rekodi ya wakati ule, na ikafikisha takriban milioni 411. Leo ukimtaja Keaton vibaya mbele ya watu wa rika lile utatafutiwa mlango. Heath Ledger naye alipotajwa kuwa Joker mwaka 2006 alipigwa madongo. Februari 2009 alipewa Oscar, akiwa ameshafariki.

Mpaka hapo kelele zilikuwa za kupinga. Rekodi ya kelele za kudai inashikiliwa na kundi la Zack Snyder. Mwongozaji huyo aliiacha Justice League mwaka 2017 baada ya kufiwa na binti yake, mwingine akaimalizia, na matokeo hayakumridhisha yeyote. Mashabiki wakaanza kudai toleo lake. Mwaka 2019 walilipia ndege ipite angani San Diego wakati wa maonyesho ya Comic-Con ikiburuta bango la madai yao. Kwa upande mwingine, na hili wapinzani wao hupenda kulisahau, walichangisha zaidi ya dola nusu milioni kwa taasisi ya Marekani ya kuzuia watu kujiua. Warner Bros. ikasalimu amri. Machi 2021 likatoka toleo la dakika 242, refu kuliko filamu zote za mashujaa za kampuni kubwa.

Kisha hesabu zikaanza kuleta mashaka. Julai 2022 jarida la Rolling Stone lilichapisha habari kuhusu ripoti zilizoagizwa na kampuni mama ya studio hiyo. Zilikadiria kwamba angalau asilimia 13 ya akaunti zilizoshiriki mazungumzo hayo hazikuwa za watu halisi, kiwango kilicho juu sana ya cha kawaida. Mwaka huo huo, kwenye sherehe za Oscar, katika kura ya mtandaoni ya tukio lililoshangiliwa zaidi katika historia ya filamu ziliongoza dakika chache za Flash akikimbia ndani ya toleo la Snyder. Yaani kuliko yote yaliyowahi kupigwa picha, tangu filamu bubu. Hata shabiki mkereketwa aliona aibu kidogo. Na pamoja na ushindi wote huo, sehemu ya pili haikutengenezwa. DC ilifuta ubao ikaanza upya.

Ushahidi wa mwisho katika kesi hii ni Morbius. Ilitoka Aprili 2022, ikapondwa na wahakiki, na wikiendi ya pili mauzo yake ya Marekani yakaporomoka kwa asilimia 74. Ndipo utani ulipoanza. Watu wakaisifia kwa kejeli, wakaitungia misemo ambayo haimo kwenye filamu, wakadai irudishwe. Sony, labda kwa kutojua utani ulianzia wapi na ukaishia wapi, iliirudisha Juni kwenye kumbi zaidi ya 1,000. Wikiendi hiyo iliingiza takriban dola 310,000, wastani wa dola 300 kwa ukumbi kwa siku tatu. Kuna wauza chipsi wanaopata zaidi Ijumaa moja. Kwenye kibanda umiza hilo lisingetokea, kwa sababu pale unalipa mlangoni kwanza, ndipo unaruhusiwa kupiga kelele kumshinda msimulizi.

Marejeo mafupi kuliko yote

Oktoba 24, 2022, Henry Cavill alitangaza kwamba amerudi kuwa Superman. Desemba 14 akatangaza kwamba harudi tena. Katikati hapo uongozi wa DC ulikuwa umehamia kwa James Gunn na Peter Safran. Gunn mwenyewe ana rekodi yake: Disney ilimfukuza Julai 2018 kwa sababu ya maneno aliyoandika mtandaoni miaka ya nyuma, DC ikamdaka, Disney ikamrudisha Machi 2019, akaenda kumalizia Guardians of the Galaxy ya tatu kwa Marvel huku tayari akiwa bosi wa mahasimu wao. Hata soko la usajili wa Januari halina sarakasi hizo.

Zilizoheshimiwa kuliko zote

Oktoba 2019 Martin Scorsese aliliambia jarida la Empire kwamba filamu za Marvel kwake si sinema, akazifananisha na viwanja vya michezo ya kupandia. Siku chache baadaye Francis Ford Coppola akaenda mbali zaidi yake. Mashabiki walikasirika kana kwamba wametukaniwa mama, jambo ambalo mimi naliona ni heshima isiyo ya lazima kwa wazee wawili ambao wana haki ya kupenda wanachopenda. Kinachochekesha ni tarehe. Mwezi mmoja kabla ya maneno hayo, Joker ilikuwa imetwaa Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la Venice, nayo ni filamu iliyolamba miguu ya kazi za Scorsese mwenyewe bila kuona haya. Baadaye ikapata uteuzi wa Oscar mara 11, idadi ambayo hakuna filamu ya vitabu vya katuni imeifikia, na ikashinda mbili.

Mapema mwaka huo huo wa 2019 Black Panther ilikuwa imeshaandika yake: filamu ya kwanza ya shujaa kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, na tuzo tatu mkononi. Ruth E. Carter wa mavazi na Hannah Beachler wa mandhari walikuwa Wamarekani weusi wa kwanza kushinda katika vipengele vyao. Mlango huo lakini ulipigwa teke na The Dark Knight. Ilipoachwa nje ya orodha ya filamu bora ya 2008, malalamiko yalikuwa makubwa, na Juni 2009 waandaaji wa Oscar walipanua orodha kutoka filamu tano hadi kumi. Wengi wanaamini ni kwa sababu yake.

Takriban dola bilioni 1.35 za Black Panther hazielezi yote. Februari 2018 ilizinduliwa Kisumu kwa zulia jekundu, gavana akiwa Anyang' Nyong'o, na binti yake Lupita akiwa kwenye skrini kama Nakia. Ayo, yule mlinzi wa kike mwenye jicho kali, ni Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala. Daniel Kaluuya, aliyeigiza W'Kabi, ni mtoto wa wazazi wa Uganda aliyezaliwa London. Aprili mwaka huo filamu hiyo hiyo ndiyo iliyochaguliwa kufungua ukumbi wa sinema mjini Riyadh, baada ya Saudi Arabia kukaa bila kumbi za umma kwa miaka zaidi ya 35. Chadwick Boseman alipofariki Agosti 2020, ujumbe wa familia kwenye akaunti yake ya Twitter ukawa uliopendwa kuliko wote katika historia ya mtandao huo. Hapo kelele na tiketi ziliimba wimbo mmoja. Haijatokea mara nyingi.

Na wiki zile zile ambazo Wakanda ilikuwa ikivunja rekodi, kwenye tamasha la Berlin ilikuwa ikionyeshwa Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina. Dakika 74. Jo, msichana wa miaka tisa ambaye ugonjwa wake hauna tiba, anataka kuwa shujaa, na kijiji kizima kinakula njama kumfanya aamini kwamba ni shujaa kweli. Hakuna jengo linaloanguka. Hakuna kipande kinachokuja baada ya majina kukupeleka kwenye filamu ijayo. Kenya iliipeleka kuwania nafasi ya Oscar. Mimi nikiulizwa filamu bora ya shujaa iliyotoka Februari 2018, huwa nasita kujibu, na kusita huko si uzalendo.

Zilizofungiwa kabatini

Mwaka 1992 mtayarishaji Mjerumani Bernd Eichinger alikuwa karibu kupoteza haki za Fantastic Four iwapo asingeanza kupiga picha kabla ya mwaka kwisha. Akamfuata Roger Corman, bingwa wa filamu za bei chee, wakatengeneza moja kwa takriban dola milioni moja. Waigizaji waliamini ni kazi ya kweli, wakazunguka kuinadi kwa gharama zao. Haikutoka kamwe. Nakala za wizi zikapita mikononi mwa mashabiki kwa miaka mingi, na ndivyo ilivyojulikana. Mwaka 2025, Marvel ilipotoa The Fantastic Four: First Steps, waigizaji wale wanne walipewa sehemu fupi za kupita mbele ya kamera. Ni moja ya mambo ya kiungwana machache yaliyofanywa na biashara hii.

Batgirl haijapata uungwana huo. Ilipigwa picha Glasgow, Keaton akiwa amevaa tena vazi lake la popo, ikagharimu takriban dola milioni 90, na Agosti 2022 Warner Bros. Discovery ikaifuta ikiwa hatua za mwisho, kwa hesabu zilizohusu nafuu ya kodi. Waongozaji wake, Adil El Arbi na Bilall Fallah, walikuwa Morocco kwenye harusi ya mmoja wao waliposikia. Wanaobishana kuhusu ubora wa filamu za mashujaa wakumbuke kwamba hii hawakupewa hata nafasi ya kuiponda.

Mfululizo mrefu wa kufaulu, na mahali ulipokatikia

Filamu 25 za kwanza za Marvel Studios zote zilivuka alama ya kufaulu kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayohesabu ni asilimia ngapi ya wahakiki waliipenda filamu. Ishirini na tano bila kufeli hata moja. Ya 26, Eternals, ikapata asilimia 47, ikiongozwa na Chloé Zhao aliyekuwa ameshinda Oscar ya uongozaji miezi michache tu kabla. Ant-Man ya tatu, Quantumania, ikafuata mwaka 2023 na asilimia 46. Katika kipindi hicho hicho Marvel ilikuwa ikitoa filamu mpaka nne kwa mwaka, pamoja na tamthilia juu yake, mpaka Bob Iger wa Disney mwenyewe akakiri kwamba wingi umepunguza umakini, na mwaka 2024 akatangaza kubana: filamu mbili, tatu zikizidi, na tamthilia kama mbili kwa mwaka.

Basi mwaka 2025 ukawa mtihani. Captain America: Brave New World ilipata takriban dola milioni 415, Thunderbolts* milioni 382, na Fantastic Four milioni 521. Jumlisha zote tatu. Deadpool & Wolverine ya 2024, peke yake, ilipata bilioni 1.338, rekodi ya daraja la watu wazima, na inazidi jumla hiyo. Superman ya Gunn ilipata zaidi ya milioni 610, ikazipita za Marvel zote za mwaka huo.

Namba hizo kila mtu huzivuta upande wake. Mimi nikizitazama sioni uchovu wa mashujaa. Thunderbolts* na Fantastic Four zilipendwa na wahakiki, CinemaScore ikazipa alama ya A-, na bado hazikufika. Hiyo inaniambia kwamba ubora umeanza kurudi kabla ya imani. Mtu aliyelipia Eternals na Quantumania haambiwi leo kwamba mambo yametengemaa akaamini kesho. Deadpool alipita kwa sababu alimrudisha Wolverine wa Hugh Jackman, ambaye watu walishamwamini tangu 2000, na kwa sababu utani wake ulitangulia kuyasema matatizo ya Marvel kwa sauti kabla mtazamaji hajayasema.

Aliyekaa kuliko wote, na anayesubiriwa kuliko wote

Katika filamu hiyo hiyo ya Deadpool alitokea Wesley Snipes akiwa Blade. Guinness wakaandika: miaka 25 na siku 340 tangu aliposhika upanga wa mhusika huyo Agosti 1998, muda mrefu kuliko mwigizaji mwingine yeyote wa mhusika wa Marvel, akimpita Jackman mwenyewe. Ile Blade ya kwanza ilionyesha kwamba Marvel inaweza kuuza tiketi, miaka miwili kabla ya X-Men, na huwa haipewi shukrani yake.

Upande wa pili wa rekodi hiyo ni Blade mpya. Ilitangazwa San Diego Julai 2019, Mahershala Ali akiwa jukwaani na kofia ya jina la filamu kichwani. Waongozaji wawili wamekuja na kuondoka. Tarehe ilisogezwa kutoka 2023 kwenda 2024, kisha 2025, kisha Oktoba 2024 ikaondolewa kwenye ratiba kabisa. Blade mzee amerudi, akapiga watu, akapokea cheti cha Guinness na kwenda zake, kabla Blade kijana hajapigwa picha hata moja ya filamu yake.

Sasa macho yako kwa Avengers: Doomsday, iliyopangiwa Desemba 2026. Adui aliyekuwa akiandaliwa, Kang, aliachwa baada ya mwigizaji wake kutiwa hatiani na mahakama ya New York mwishoni mwa 2023. Julai 2024 Robert Downey Jr., aliyekuwa Iron Man, akavua kinyago jukwaani San Diego na kutangazwa kuwa Doctor Doom. Steringi aliyekufa amerudishwa kama adui, jambo ambalo kibandani lingeleta ugomvi wa kurudishiwa kiingilio. Machi 2025 Marvel ikatangaza waigizaji kwa kuonyesha viti vyenye majina, kimoja baada ya kingine, moja kwa moja mtandaoni kwa zaidi ya saa tano, na watu wakakaa kutazama viti. Yalikuwemo majina ya Patrick Stewart na Ian McKellen, yaani X-Men wa robo karne iliyopita.

Wikiendi ya kwanza itajaa, sina wasiwasi. Hata Batman v Superman ya 2016 ilijaza wikiendi yake ya kwanza, kabla mauzo hayajashuka kwa asilimia 69 katika ya pili. Kwa Doomsday nami nitakwenda kutafuta hiyo namba ya pili.